Siku Nilipoinyamazisha Kompaila

Vijana wa chumba cha kompyuta, mliniaga vizuri mwezi uliopita, mkanipa na kitenge. Ila mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu sawasawa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Aliuliza: katika miaka yote hiyo, Mama, chombo gani cha kazi ulikipenda kuliko vyote? Nikasema kiti. Mkacheka, tukaendelea kula. Sasa niko nyumbani Mafiga, sina pa kukimbilia asubuhi, na jibu la kweli ninalo. Ni kompaila. Tena si kompaila yoyote, ni toleo moja jipya lililotufikia kwa posta wakati wengi wenu hamjazaliwa. Habari za vyeo sitaziandika hapa, nilivipata vichache na kwa kuchelewa. Za mshahara mnazijua wenyewe.

Niliajiriwa kituoni kama mpiga chapa. Kituo kilikuwa kidogo, vyumba vitano na mti mmoja wa kivuli ambao mkuu aliegesha gari lake chini yake. Kazi yetu ilikuwa kukusanya taarifa za mavuno kutoka kwa mabwana shamba na mabibi shamba, kuanzia mashamba ya mpunga ya Turiani hadi vijiji vya milimani kule Matombo. Kila msimu zililetwa fomu, nami nilizipiga chapa kwa nakala nne. Karatasi ya kaboni ilinichafua vidole kiasi kwamba Jumapili kanisani nilikuwa nakunja ngumi wakati wa kupeana amani.

Kompyuta ya kwanza ilipofika ilikaa ndani ya boksi miezi kadhaa, maana kila aliyetumwa kuifungua aliogopa kuwa yeye ndiye ataiharibu. Hatimaye ikawekwa kwenye chumba chenye zulia, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na ikatoka amri kwamba hakuna kuingia na viatu. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu nilijua kupiga chapa bila kuangalia vidole. Sifa nyingine haikuulizwa. Nilikaa mbele yake kwa soksi, nikabonyeza herufi moja, ikatokea kwenye kioo, nikaitazama kwa muda mrefu bila kujua nifanye nini tena.

Aliyenifundisha ni Dk. Felisiani, mhadhiri wa hesabu. Alikuwa mtu wa sweta hata jua likiwaka, mpole kwa watu na mkali kwa mahesabu. Alipatana na mkuu wetu kwamba kila Jumatano atumie mashine yetu kwa utafiti wake, na kama shukrani anifundishe mimi kuandika programu. Hakunifundisha lugha ambazo wenzetu mjini walikuwa wanajifunza, zile za fanya hiki, kisha kile, kisha rudi juu. Yake ilikuwa lugha ya fanksheni. Programu nzima huandikwa kwa vipande vya hesabu, kila kipande kinapokea kitu na kutoa kitu, basi, hakiendi kuchokoa mambo ya jirani. Ukishaandika, unampa kompaila, ambaye kazi yake ni kusoma ulichoandika na kukigeuza kuwa maagizo ya mashine. Nasema "ambaye" kwa makusudi. Baada ya miaka mingi pamoja naye nashindwa kumwita kitu.

"Perpetua," Dokta aliniambia wiki ya kwanza, "katika lugha hii ukishasema hili ni gunia na hili ni debe, huwezi kuvijumlisha kama vile ni kitu kimoja. Atakukatalia."

"Na nikiwa na haraka?"

"Atakukatalia vilevile."

Nilimpenda hapohapo, kompaila namaanisha. Nimekulia kwenye familia ya watoto tisa na sikuwahi kukutana na mtu asiyekubali kubembelezwa.

Baada ya mwaka hivi niliandika programu yangu ya kwanza ya maana, ya kusoma fomu za mavuno. Mwenzangu wa masjala alikaa pembeni akinisomea fomu kwa sauti, kijiji, zao, idadi, kipimo, nami naingiza. Programu iligeuza vipimo vyote kuwa kilo, ikajumlisha, mwisho ikachapisha orodha kwenye printa iliyopiga kelele hadi ofisi ya mkuu. Nilikuwa nimeieleza kwamba vipimo ni vitatu: kilo, gunia na debe.

Sasa hizi zilikuwa enzi za ruksa. Zamani mazao yalinunuliwa na ushirika, kwa mizani, na bibi shamba aliandika kilo akaenda zake. Soko huria lilipoingia, wafanyabiashara walianza kupanda wenyewe mpaka vijijini na malori yao na magunia yao. Mizani hawakuja nayo. Walikuja na lumbesa: gunia linajazwa likifika mdomoni haliishii hapo, linaongezwa kilemba juu, linafumwa kwa kamba mpaka linakuwa kama mama mjamzito, halafu linahesabiwa gunia moja. Mkulima aliyelalamika aliambiwa abaki na mahindi yake.

Mabwana shamba wengi waliendelea kuandika "gunia" kwenye fomu, kwa sababu fomu ilitaka gunia. Wachache sana waliandika walichokiona, wa kwanza akiwa bibi shamba mmoja wa upande wa Matombo. Siku hiyo mwenzangu alisoma, "Mahindi, arobaini na mbili, lumbesa." Nikaingiza, programu ikakataa, haikijui kipimo hicho. Mwenzangu alikuwa amesimamisha kidole kwenye mstari, rundo la fomu linangoja. Nikafungua programu, juu kabisa kwenye orodha ya vipimo, nikaongeza neno la nne, Lumbesa. Ikakubali kuingiza. Nilipanga nikimaliza rundo nishuke chini kwenye kile kipande kinachogeuza vipimo kuwa kilo, nikifundishe lumbesa ina uzito gani. Umeme ukakatika. Tukaenda kunywa chai. Uliporudi nilikuwa nawaza mambo mengine, na sikushuka.

Siku ya kujumlisha, programu ilianza kusimama katikati ya kazi. Inakwenda vizuri, inafika kwenye fomu fulani, inakata. Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Mtu mwenye akili angeuliza ni fomu gani. Mimi nilikasirika kama mtu aliyekanyagwa. Nikaandika kipande kipya: fomu yoyote itakayoshinda hesabu iwekwe kando, na mwenye fomu ahesabiwe kuwa hakuleta taarifa. Nilijiambia kuwa mtu anayejaza fomu vibaya na asiyeleta kabisa ni walewale. Programu ikaacha kusimama. Mkuu wetu, Mzee Rajabu, akanisifia mbele ya wageni.

Wakati huo Dk. Felisiani alikuwa ameandika barua kwa chuo kimoja cha ng'ambo walikotengeneza kompaila yetu, akiomba toleo jipya. Walikuwa wanalitoa bure, ukiomba kwa adabu. Likaja baada ya miezi, disketi nne kwenye bahasha ya kaki, na karani wa posta alitaka kwanza aelezwe ni muziki wa aina gani. Disketi ya nne ilikuwa imeshika ukungu. Mashine yetu ilikataa kuisoma. Tulizunguka nayo mji mzima, Dokta ameishika kifuani kama yai, mpaka mashine moja kuukuu kwenye ofisi ya mifugo ikakubali, ikiguna. Dokta alimshika mkono daktari wa mifugo mwenye mashine hiyo, hakumwachia upesi.

Nataka mlielewe toleo lile. Kompaila ya zamani ukikosea ilikupa namba ya kosa, ukatafute mwenyewe kitabuni, na kitabu alikuwa nacho Dokta. Hili jipya lilikutajia mstari. Lilikwambia lilitegemea nini na limekuta nini. Lilikuwa jepesi zaidi pia, kazi iliyotupa nafasi ya kwenda kunywa chai sasa ilikupa nafasi ya kupiga chafya tu. Na lilikuwa na jambo ambalo sikuwahi kuliona: lilikagua kama umesahau. Ukisema vitu viko vya aina nne, halafu kipande chako kikashughulikia tatu, lilikupa onyo kabla programu haijaenda popote. Fikirini, kuna watu ambao sitawaona maishani, walikaa kwenye nchi ya baridi wakamfikiria mtu kama mimi, mwenye haraka, aliyekatikiwa umeme, wakamwandalia wa kumkumbusha. 

Na mimi nililifanya nini? Siku ya kwanza kulitumia kulikuwa na jambo la dharura. Makao makuu walikuwa wanapunguza wafanyakazi, nyote mmesikia habari za miaka ile. Waliagiza orodha ya mabwana na mabibi shamba wasioleta taarifa, hao ndio wangeanza kupunguzwa. Mzee Rajabu alikuwa anaondoka na gari saa sita mchana. Nikaipa kompaila mpya programu yangu, ikasoma, ikanitolea onyo: kipande cha kugeuza kuwa kilo, mstari fulani, hali ya Lumbesa haikushughulikiwa. Nililiona. Nililisoma. Nikasema, wewe umeingia leo, programu hii ina misimu inafanya kazi, unanifundisha nini? Kwenye kijitabu cha toleo walieleza kwamba ukiongeza neno moja dogo mwishoni mwa amri, maonyo yote yananyamaza. Nikaongeza. Likanyamaza. Orodha ikatoka safi, Mzee akaiweka kwenye mkoba.

Wiki kadhaa zilipita. Asubuhi ya Jumatano moja, Dokta akiwa ameshakaa kwenye kiti cha pembeni na karatasi zake, mtu alibisha mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, mtandio kichwani, buti za mpira zenye udongo mwekundu. Akasoma tangazo la viatu, akavua buti, akaingia na soksi za kiume.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hapa ndipo kwenye kompyuta?"

"Ndipo. Karibu."

"Mimi Zainabu, bibi shamba, natoka huko Matombo. Nimepewa barua ya kujieleza." Akaitoa, imekunjwa mara nne. Ilimtaka aeleze kwa nini hakuleta taarifa kwa misimu miwili, na kwamba asipotoa maelezo ya kuridhisha atakuwa miongoni mwa watakaopunguzwa. "Nimeteremka jana mpaka Mkuyuni, nikalala kwa shemeji, leo nimepanda lori la ndizi. Nimeambiwa orodha imetengenezwa na kompyuta, na kompyuta haina upendeleo. Sasa nimekuja niione hiyo isiyo na upendeleo."

Hakusema kwa ukali. Lafudhi yake ilikuwa ile ya kwetu milimani, inayopanda mwishoni, nyanya yangu alisema hivyohivyo. Akafungua mfuko, akapanga mezani nakala za fomu zake. Kila moja ilikuwa na mhuri wa masjala yetu, kuonyesha kwamba imepokelewa.

"Nina watoto wanne na mume alishatangulia," akasema. "Kazi ndiyo hii. Nikikosea nionyeshwe nilipokosea."

Nikachukua ya kwanza. Mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista, kila herufi imesimama. Kijiji, mahindi, idadi. Kipimo: lumbesa. Pembeni, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika kwamba amepima mwenyewe kwa debe na kila lumbesa moja imezidi gunia la kawaida kwa debe moja na nusu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Hakuna aliyemwagiza kupima. Wenzake karibu wote waliandika gunia wakalala usingizi.

 Nilijua kabla sijagusa mashine. Hata hivyo niliigeukia, nikampa kompaila programu yangu upya, safari hii bila lile neno dogo. Likajitokeza onyo, maneno yaleyale, mstari uleule, bila kinyongo chochote.

Dk. Felisiani alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Halikuonekana siku ile?" akauliza.

"Lilionekana, Dokta. Nililizima."

Akarudi kwenye kiti chake. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Nilimwomba Bi. Zainabu anisubiri, nikaenda kwa Mzee Rajabu. Mzee alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo nikijua mnaokumbuka sauti yake mtabisha. Nilimweleza. Akauliza orodha imekosea watu wangapi. Nikasema yule mama kwa hakika, wengine nitawahakiki leo hii. Akaufunga mlango.

"Perpetua, makao makuu bado hawajasaini. Tutaandika barua, tuseme kompyuta ilipata hitilafu. Watu watatu wa ofisi nyingine wiki hii wameniletea barua za hivyo, na hakuna anayeuliza."

"Haikupata hitilafu, Mzee."

"Sikiliza. Wanapunguza na hapa kituoni. Jina lako liko mezani kwangu pamoja na ya wengine. Ukiandika ulikosea wewe, nitawaambia nini? Nawatetea watu kwa kitu gani?"

Mume wangu wakati huo alikuwa ameshapunguzwa kiwandani. Niliwaza nyumba, niliwaza ada za wanangu, sitawadanganya kwamba nilijibu papo hapo.  Nilichokuwa nakiona ni ule mwandiko. Mtu amesimama shambani juani, anamimina lumbesa kwenye debe, anahesabu, anaandika nusu. Na upande mwingine kuna watu wa ng'ambo waliokesha kutengeneza kitu cha kusema kweli bila kumwogopa mtu. Pande zote mbili zilikuwa zimefanya kazi yao kikamilifu. Katikati yao nilikuwapo mimi. Nikiandika kwamba mashine imekosea, kuanzia siku hiyo hakuna ambaye angeamini inaposema kweli.

"Mzee," nikasema, "kompyuta iliniambia. Niliinyamazisha. Niruhusu niandike hivyo."

 Akanisogezea karatasi na kalamu yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu.

Tulifanya kazi siku nzima. Dokta alisahau utafiti wake akakaa nami. Tulikifundisha kile kipande uzito wa lumbesa kwa vipimo vya Bi. Zainabu, maana ndivyo pekee vilivyokuwepo. Tuliondoa na ile hila yangu ya kuweka fomu kando. Orodha mpya ilipotoka, Bi. Zainabu hakuwamo, na wengine wawili wa milimani walitoka pia, nao hata barua zao zilikuwa hazijawafikia. Makao makuu waliipokea. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwenye jalada langu, na sikupunguzwa. Mzee Rajabu aliwaambia nini sijui, hakuwahi kuniambia.

Lakini nilikuwa sijamaliza na yule mama. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, miguu pamoja, mikono juu ya mfuko. Nikamwambia jina lake limeondolewa na barua ya kumwomba radhi itakuja. Akashusha pumzi, akafumba macho kidogo, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Kisha akainuka akaja mpaka kwenye kioo. Nilikuwa nimempa kompaila nakala ya zamani ya programu, ili lile onyo lirudi pale alione.

"Ndiyo hii iliyotaka kunifukuza?"

"Hapana, mama. Hii ilinikumbusha kwamba nimesahau lumbesa."

"Imeandika hivyo?"

"Imeandika hivyo. Hapa." Nikamwonyesha neno lenyewe kwa kidole, maana lilikuwa la kwetu katikati ya Kiingereza chote kile. Akaliona, akalisoma polepole.

"Na wewe ukaiambia nini?"

"Niliiambia inyamaze."

"Basi aliyetaka kunifukuza ni wewe."

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

 Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Halafu akavuta kiti cha mwenzangu wa masjala, akakaa, akaingiza mkono ndani ya mfuko, akatoa fomu za msimu ule ambazo zilikuwa bado hazijapokelewa.

"Nimekuja nazo," akasema. "Safari hii nasoma mwenyewe, wewe andika."

Akaanza kusoma, kijiji kwa kijiji, kwa sauti ya mwalimu. Na kila alipofika kwenye lumbesa alinyamaza, akaegemea mbele kutazama kioo, na hakuendelea mpaka alipoliona neno zima.